Printa za Kugonga za Kasi Kubwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unahusu mitambo yenyewe: nyundo, silinda, cheni, gia, karatasi na utepe wa wino. Mambo ya programu yanaguswa pale tu yanapoeleza kwa nini chuma kilitengenezwa namna ile. Maswali yana namba ili jibu moja likupeleke kwenye jingine bila kurudia. Neno "herufi" humu linajumuisha pia tarakimu na alama.

## Mambo ya msingi

1. Printa ya kugonga ni ipi, na "printa ya mstari" ni nini?

Printa ya kugonga ni ile inayoacha alama kwa pigo: kitu kigumu kinaubana utepe wa wino kwenye karatasi. Printa za leza na zile zinazorusha wino hazigongi chochote, kwa hiyo hazimo humu.

Katika familia hiyo, nyingine huchapa herufi baada ya herufi huku kichwa kikitambaa kutoka kushoto kwenda kulia. Nyingine hushughulikia mstari mzima kwa mkupuo mmoja, na hizo ndizo printa za mstari. Kwa kawaida kila nafasi ya herufi ina nyundo yake, na nafasi zilizozoeleka ni 132. Hata hivyo "kwa mkupuo mmoja" haina maana kwamba herufi zote hugongwa papo hapo. Nyundo hupiga kwa zamu ambayo haifuati mpangilio wa kusoma, na zamu hiyo imeelezwa kwenye swali la 7.

2. Kasi kubwa ni kasi gani?

Mashine ya hesabu ya IBM 407 ya mwaka 1949 ilichapa mistari 150 kwa dakika, na wakati huo hilo lilikuwa jambo kubwa. IBM 1403, iliyotoka mwaka 1959 pamoja na kompyuta ya 1401, ilianza na mistari 600, na matoleo yake ya baadaye yakafika 1100. IBM 3211 ya mwaka 1970 ilifikisha 2000. IBM 4248, iliyotumia ukanda wa chuma, ilifika 3600.

Geuza namba hizo ziwe herufi upate picha kamili. Mistari 600 yenye nafasi 132 ni nafasi 1320 kwa sekunde. Printa za gurudumu la petali zilizokuwa zikichapa barua nzuri maofisini zilikuwa zikitoa herufi kama 30 kwa sekunde.

3. Kwa nini herufi hazisimami kidogo ili zigongwe vizuri?

Kwa sababu hakuna muda. Mistari 600 kwa dakika inakupa milisekunde 100 kwa kila mstari, na humo ndani lazima karatasi nayo isogee. Ukisimamisha chuma chenye herufi na kukianzisha tena kwa kila herufi, muda wote utaishia kwenye breki.

Kwa hiyo herufi hupita bila kusimama, na nyundo hurushwa ili ikutane nazo njiani. Fundi wa mitambo hii anafanya kazi ya anayempiga ndege kwa manati: halengi pale ndege alipo, analenga pale atakapokuwa. Nyundo huamriwa kuondoka kabla herufi haijafika, na kiasi cha kutangulia hutegemea muda ambao nyundo hutumia angani.

Hapo ndipo lilipo fumbo zima la ubunifu wa printa hizi, na majibu mengi yanayofuata yanarudi kwenye jambo hilo. Herufi zikiwa mbioni, kosa la wakati hugeuka kuwa kosa la mahali. Nyundo ikichelewa, alama inatua pembeni. Kuchelewa hakuwezi kuondolewa kabisa, kwa hiyo mbunifu huamua kosa hilo litokee upande gani wa karatasi, na litaonekana kiasi gani.

4. Mitambo hii ina aina ngapi?

Zilizotamba ni nne: silinda ya herufi, cheni ya herufi inayozunguka mlalo mbele ya karatasi na ndugu yake treni (swali la 8), ukanda wa chuma, na printa za nukta za mstari. Kulikuwa pia na magurudumu ya herufi (407 ni mojawapo) na bapa la herufi linalokwenda na kurudi, kama kwenye IBM 1443, lakini hizo zilibaki kwenye kasi ya chini. Kitu kinachokwenda na kurudi lazima kisimame mara mbili katika kila safari, na jibu la swali la 3 limeshaeleza gharama ya kusimama.

## Silinda, cheni, treni na ukanda

5. Silinda ya herufi hufanyaje kazi?

Chukua silinda ya chuma yenye upana wa karatasi. Kwenye mzingo wake, kila nafasi ya mstari ina seti kamili ya herufi. Herufi za aina moja zimepangwa kwenye mstari mmoja kutoka ncha hadi ncha: safu ya A kwa nafasi zote 132, kisha safu ya B, na kuendelea. Silinda huzunguka mfululizo. Safu ya A ikifika mbele ya nyundo, nyundo za nafasi zote zinazohitaji A hupiga. Mzunguko mmoja ukikamilika, mstari umekwisha, na karatasi inasogea.

Ni mtambo mzuri kwa urahisi wake. Kitu kinachozunguka ni kimoja, kigumu, kisicho na viungo vya kulegea. Ubaya ni kwamba ukitaka seti nyingine ya herufi, unang'oa silinda nzima, na ni nzito na ya gharama. Herufi moja ikisagika kwenye nafasi moja, huna namna ya kubadilisha hiyo peke yake.

Watengenezaji wa mashine za bei nafuu waliweka nyundo moja kwa nafasi mbili na kulisogeza benki lote la nyundo kushoto na kulia. Bei ilipungua, na kasi ikapungua nayo, kwa kuwa kila mstari ulihitaji silinda izunguke mara mbili.

6. Kwa nini maandishi ya silinda huonekana yamepandiana na kushukiana, ilhali ya cheni yanaonekana yamenyooka?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote kwenye ukurasa huu.

Mbele ya nyundo, uso wa silinda husafiri wima, juu au chini. Nyundo iliyochelewa kidogo huchapa herufi iliyopanda au kushuka kuliko jirani zake. Cheni husafiri mlalo. Nyundo iliyochelewa huchapa herufi iliyosogea kushoto au kulia.

Kwa kipimo, makosa hayo mawili yanaweza kulingana kabisa, lakini jicho la msomaji haliyahukumu sawasawa. Mstari usionyooka unaonekana mara moja, hata na mtu asiyejua chochote kuhusu uchapaji. Nafasi zisizolingana kati ya herufi hazishtui, kwa sababu maandishi ya kawaida yana nafasi zisizolingana tangu zamani: herufi "i" ni nyembamba, "m" ni pana, nasi tumezoea.

Kwa maoni yangu, hiyo peke yake inatosha kueleza kwa nini 1403 ilisifiwa kwa uzuri wa chapa yake miaka mingi baada ya printa za kasi zaidi kuwepo. Nyundo zake nazo huchelewa, ila kuchelewa kwake kumeelekezwa upande ambao macho yetu husamehe.

7. Kwenye IBM 1403, kwa nini nafasi kati ya herufi za cheni hazilingani na nafasi kati ya nyundo?

Mtu anayeiona mara ya kwanza hudhani ni kosa la kiwandani. Nyundo zimepangwa kila inchi 0.1. Herufi za cheni zimepangwa kwa zaidi kidogo ya inchi 0.15. Cheni ina herufi 240, yaani seti tano za herufi 48.

Fanya hesabu. Herufi mbili za cheni huchukua inchi 0.301, na nyundo tatu huchukua inchi 0.300. Tofauti ni elfu moja ya inchi. Herufi ya kwanza ikiwa sawa na nyundo ya 1, herufi ya tatu inakaribia kuwa sawa na nyundo ya 4 lakini bado kidogo. Cheni ikisogea elfu moja ya inchi, hiyo inakuwa sawa. Ikisogea tena hivyo, herufi ya tano inakuwa sawa na nyundo ya 7. Cheni hukimbia inchi 90 kwa sekunde, kwa hiyo kila hatua ya namna hiyo huchukua mikrosekunde 11 hivi.

Zamu basi ni nyundo ya 1, 4, 7, 10, mpaka mwisho wa mstari. Kisha inarudi 2, 5, 8, halafu 3, 6, 9. Zamu hizo tatu zikikamilika, kila nafasi imepata fursa ya kupigwa herufi moja, na muda uliotumika ni takriban milisekunde 1.67. Rudia mara 48 ili kila nafasi ikutane na kila herufi: milisekunde 80. Ongeza milisekunde 20 za kusogeza karatasi, unapata 100, yaani mistari 600 kwa dakika kamili.

Faida ya mpangilio huu ni kwamba kila papo ni nyundo moja tu inayoamuliwa. Kompyuta haihitaji kulinganisha nafasi 132 kwa wakati mmoja. Inasoma herufi moja kutoka kwenye kumbukumbu, inailinganisha na herufi inayopita, inaamua, inaendelea. Mzunguko mmoja wa kumbukumbu ya 1401 ulichukua mikrosekunde 11.5, kwa hiyo mwendo wa cheni na mwendo wa kumbukumbu vilikaribiana sana. Faida ya pili, ya umeme, ipo kwenye swali la 13.

8. Cheni na treni zinatofautianaje?

Kwenye cheni, vipande vya herufi vimefungwa pamoja. Kwenye treni, kila kipande kiko huru. Vinasukumana ndani ya reli iliyotiwa mafuta, vikiendeshwa na gia. Cheni hunyumbuka na kuvutika, na kadiri unavyoongeza kasi ndivyo kuvutika huko kunavyoharibu wakati. Treni haina cha kuvutika. Ndiyo maana matoleo ya 1403 yenye mistari 1100 yalitumia treni iliyokimbia zaidi ya inchi 200 kwa sekunde, wakati cheni iliishia 90.

9. Kwa nini ukanda wa chuma uliwashinda wote?

Bei na wepesi. Ukanda ni chuma chembamba kisichoshika kutu, chenye herufi zilizochongwa kwa tindikali, kilichounganishwa ncha kwa ncha. Mtumiaji anaweza kuubadilisha mwenyewe bila kumwita fundi.

Kuna jambo la kimitambo ambalo watu hulisahau. Kwenye mitambo mingi ya zamani, wakati ulisomwa kutoka kwenye gurudumu lililofungwa kwenye mhimili, na ilichukuliwa kwamba herufi zinaufuata mhimili kwa uaminifu. Kwenye ukanda, alama za wakati zimechongwa juu ya ukanda wenyewe, karibu na herufi. Ukanda ukivutika, alama inavutika pamoja na herufi yake, na sensa inasoma ukweli.

10. Kwa nini nyundo iko nyuma ya karatasi, si nyuma ya herufi?

Taipureta hurusha herufi kuelekea karatasi. Printa ya mstari hufanya kinyume: herufi ziko mbele ya karatasi, utepe wa wino katikati, na nyundo hupiga mgongo wa karatasi na kuisukuma kwenye utepe na herufi. Herufi zikiwa mbioni kwa mita kadhaa kwa sekunde, hutaki kuzisukuma nje ya njia yake. Ni rahisi zaidi kurusha kipande kidogo cha chuma kisicho na kazi nyingine. Gharama yake inalipwa kwenye nakala. Tazama swali la 17.

## Nyundo

11. Nyundo inapaswa kuigusa karatasi kwa muda gani?

Mfupi kabisa uwezekanao, kwa sababu herufi haisubiri. Chukua cheni ya inchi 90 kwa sekunde, yaani kama mita 2.3 kwa sekunde. Kila mikrosekunde 10 za kugusana, herufi inakuwa imesogea milimita 0.023. Mguso wa mikrosekunde 50 unakuachia mburuzo wa zaidi ya milimita 0.1, na hapo wino umeanza kuonekana umepakwa. Kwa treni yenye kasi maradufu na zaidi, muda unaoruhusiwa hupungua kwa kiasi hichohicho.

Kutokana na hilo, nyundo nzuri ni nyepesi, ngumu, na yenye kurudi haraka. Nyepesi, ili nguvu itoke kwenye kasi na si kwenye uzito. Ngumu, ili isipinde ikigusa na kurefusha mguso. Tena isukumwe kisha iachiwe: msukumo ukomeshwe kabla ya kufika, nyundo imalizie safari kwa mwendo wake yenyewe. Nyundo inayoendelea kusukumwa wakati wa kugusa inaing'ang'ania karatasi.

Halafu irudi na kutulia. Nyundo inayodunda-dunda baada ya kurudi itapigwa tena ikiwa bado inatikisika, na muda wake wa kuruka utakuwa mwingine. Vifyonza-mtikisiko vya mpira kwenye kituo cha nyundo huonekana kama kitu cha kudharauliwa, lakini vikizeeka ndivyo vinavyoharibu chapa ya mashine ambayo vitu vingine vyote ni vizima.

12. Muda wa kuruka unarekebishwaje, na kwa nini kila nyundo peke yake?

Kila nyundo hufyatuliwa na koili ya umeme, na koili mbili haziwi sawa kabisa, wala msuguano wa nyundo mbili. Kwa hiyo kila nyundo ina skrubu yake ya marekebisho. Fundi anachapa mistari iliyojaa herufi moja, mara nyingi yenye pande zilizonyooka kama H au E, anaangalia ipi imesogea, anaigeuza skrubu kidogo, anachapa tena. Kwa nyundo 132 hiyo ni kazi ya uvumilivu. Kumbuka pia kwamba unene wa karatasi hubadilisha umbali wa safari: mashine iliyorekebishwa kwa karatasi moja itapiga mapema kidogo ukiweka fungu la nakala sita, ndiyo maana kuna kidhibiti cha unene ambacho mwendeshaji anatakiwa kukigusa, na mara nyingi hakigusi.

13. Nyundo zote zikifyatuka pamoja itakuwaje?

Kwenye silinda hilo linawezekana kabisa. Chapa mstari mzima wa vistari: nafasi zote zinataka alama ileile, na safu yake inafika mbele ya nyundo zote kwa pamoja. Kila koili inadai amperi kadhaa kwa muda mfupi, na ugavi wa umeme lazima uwe na kapasita za kutosha kulibeba dai hilo. Zisipotosha, volteji inashuka, nyundo zinakwenda polepole, na mstari unatoka mwepesi au umechelewa. Baadhi ya wabunifu walizipanga herufi za silinda kwa mshazari ili nafasi jirani zisikutane na alama moja kwa wakati mmoja.

Kwenye cheni ya 1403 nyundo huanza kwa kupishana mikrosekunde 11, kwa hiyo dai hupanda kwa ngazi. Bado jumla yake ni kubwa, kwa sababu kila mkondo hudumu muda mrefu kuliko hatua moja ya zamu, lakini hakuna mshtuko mmoja wa nafasi 132.

14. Printa za nukta za mstari zinatumia nyundo za namna gani?

Hapa wazo limegeuzwa juu chini. Nyundo ni bapa la springi lenye ncha ndogo ya kuchapa nukta. Sumaku ya kudumu imelivuta bapa nyuma na kulishikilia, likiwa limepinda na limejaa nguvu. Ukipitisha umeme kwenye koili, unafuta mvuto wa sumaku kwa muda mfupi, na springi inajifyatua yenyewe. Umeme haurushi nyundo; unaiachilia tu. Nguvu ya pigo inatoka kwenye springi, ambayo haibadiliki kirahisi, na kwa hiyo mapigo yanalingana sana. Printronix, kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1974, ndiyo iliyojenga jina lake juu ya mtambo huu.

Benki zima la nyundo huchezacheza kushoto na kulia kwa umbali mfupi, kila nyundo ikihudumia nafasi chache, huku karatasi ikipanda safu moja ya nukta kwa kila mkupuo. Benki hilo ni zito, na kulitikisa kungeitembeza mashine sakafuni, kwa hiyo huwekewa uzito wa upande wa pili unaokwenda kinyume nalo.

Hakuna herufi inayokimbia hapa, kwa hiyo tatizo la swali la 3 limepungua, ila halijakwisha: benki linasonga wakati nukta inapigwa, na nyundo iliyochelewa huacha ukingo wa herufi wenye meno.

## Karatasi na utepe

15. Karatasi inasogezwaje kwa kasi hiyo bila kuchanika?

Kwa matundu ya pembeni na magurudumu ya meno yanayoingia humo. Matundu yamepangwa kila nusu inchi. Karatasi iliyozoeleka kwa nafasi 132 ina upana wa inchi 14⅞ na urefu wa inchi 11 kwa ukurasa, mistari 6 kwa inchi, yaani mistari 66.

Ugumu ni kuanza na kusimama. Mstari mmoja ni milimita 4.2. Ukiusafiri kwa milisekunde 20, nusu ya kwanza ukiongeza kasi na nusu ya pili ukipunguza, karatasi inapata mchapuko wa mara nne hivi ya mvutano wa dunia. Na muda halisi ni mfupi zaidi, kwa sababu karatasi inatakiwa itulie kabla ya nyundo ya kwanza. Mota za umeme za miaka ile zilikuwa nzito mno kwa kazi hiyo, ndiyo maana 1403 iliendesha karatasi kwa mota ya haidroliki, yenye nguvu nyingi katika umbo dogo. Waliozitunza wanajua bei yake: mafuta yanayovuja.

Sehemu inayodharauliwa ni pale karatasi inapotokea. Karatasi iliyorushwa kwa kasi haitaki kujikunja kwenye mikunjo yake ya asili, hasa ikiwa na umeme tuli. Kazi nyingi za usiku zimeharibika nyuma ya mashine, si mbele.

16. Utepe wenye matundu uliokuwa pembeni ya 1403 ulikuwa wa nini?

Ulikuwa pete ya karatasi yenye njia 12, inayozunguka sambamba na karatasi ya kuchapia. Tundu kwenye njia ya 1 lilimaanisha mwanzo wa ukurasa. Njia ya 12 kwa kawaida ilionyesha kwamba ukurasa unakaribia kuisha. Programu ikisema "ruka hadi njia ya 1", karatasi inakimbia mpaka brashi ikutane na tundu.

Swali linalofuata huwa ni lilelile: na kama njia iliyotajwa haina tundu? Karatasi haisimami. Inaendelea kumwagika nje mpaka mtu abonyeze kitufe. IBM 3211 iliondoa pete hiyo na kuweka taarifa zake kwenye kumbukumbu ya kielektroniki.

17. Nakala ngapi zinawezekana, na ipi inatoka hafifu?

Kwa kaboni, takriban sita ukihesabu ile ya juu. Nakala halisi ndiyo iliyo karibu na utepe na herufi. Ya mwisho iko karibu na nyundo, kwa hiyo inapata pigo lote lakini haioni umbo la herufi ila kupitia karatasi zote zilizotangulia. Matokeo yake si weupe tu bali unene: mistari ya herufi inapanuka kila tabaka. Ukiongeza nguvu ya pigo, nakala ya mwisho inakolea na ya kwanza inaanza kutoboka.

18. Kwa nini utepe wa wino ni mpana kama taulo?

Ili kila nafasi ipate kitambaa chake. Utepe wa 1403 una upana wa karatasi na unasafiri wima kutoka roli moja hadi nyingine. Ungekuwa mwembamba na kupita mlalo kwa kasi, cheni ingeuburuza. Printa nyingi za ukanda zilitumia utepe mwembamba uliopita kwa mshazari, ili kuchakaa kugawanyike upana mzima badala ya kuchimba mfereji katikati.

## Hitilafu na maswali ya pembeni

19. Ukurasa wote ni upuuzi, lakini kila A imekuwa B, kila B imekuwa C. Tatizo ni nini?

Hesabu imeteleza hatua moja. Mashine inajua herufi ipi iko mbele ya nyundo kwa kuhesabu mapigo ya sensa tangu alama ya mwanzo wa mzunguko. Pigo moja likipotea, kwa uchafu au sensa iliyosogea, herufi zote zinahama nafasi moja. Printa nzuri hukagua alama ya mwanzo kila mzunguko na kusimama ikiona tofauti.

Upuuzi usio na mpangilio huo una sababu nyingine: treni iliyowekwa si ile ambayo orodha yake imepakiwa kwenye bafa, yaani kumbukumbu ya muda ya printa. Hapo mtambo ni mzima. Aliyekosea ni mwendeshaji.

20. Herufi zimekatwa upande mmoja. Nianzie wapi?

Angalia ni upande gani. Kwenye silinda, kukatwa juu au chini ni wakati wa nyundo. Kwenye cheni au ukanda, kukatwa kushoto au kulia ni wakati wa nyundo, lakini kukatwa juu au chini ni kimo cha cheni au karatasi isiyotulia, na skrubu za swali la 12 hazitakusaidia. Nafasi moja tu ikiwa mbovu, shughulika na nyundo hiyo. Zote zikiwa mbovu kwa kiasi kimoja, acha nyundo, nenda kwenye sensa au kidhibiti cha unene.

21. Mbona printa yangu haifikii kasi iliyoandikwa?

Kasi ya kwenye karatasi ya muuzaji imepimwa na seti fulani ya herufi na mstari mmoja kwa kila hatua ya karatasi. Kwenye 1403 seti ya tarakimu pekee, yenye alama 16, ilihitaji kurudia zamu zote mara 16 badala ya 48: milisekunde 26.6 na 20 za karatasi, yaani takriban mistari 1285 kwa dakika kwa cheni ileile ya mwendo uleule. Ukiongeza herufi ndogo, seti inakua na kasi inaanguka. Baadhi ya treni zilirudia herufi zinazotumika sana na kuweka chache zile adimu. Ukichapa maandishi yanayopenda herufi adimu, unalipa.

22. Ni kweli mstari mmoja unaweza kukata karatasi?

Ni kweli. Programu iliweza kuamuru mstari uchapwe bila karatasi kusogea, na kwa lugha ya programu ya Fortran ilitosha kuweka "+" mwanzo wa mstari. Ilitumika kukoleza au kupigia mstari chini ya maneno. Rudia mstari mzima wa alama ya chini mara nyingi mahali palepale na unakuwa na kisu cha upana wa ukurasa. Utepe nao hupata jeraha hapohapo.

23. Na muziki?

Ndiyo. Kwa kuwa mpangilio wa herufi kwenye cheni unajulikana, mtu anaweza kutunga mistari ambayo nyundo zake hupiga kwa vipindi vilivyo sawa, na vipindi hivyo vikawa noti. Nyimbo kadhaa zilitungwa kwa 1403 namna hiyo. Karatasi inayobaki haisomeki.

24. Kwa nini zilifunikwa, na kwa nini mfuniko ulijifungua wenyewe?

Nyundo mia na zaidi zikipiga mara elfu kwa sekunde ni kelele ya kumfanya mtu asisikie mwenzake. Toleo la N1 la 1403 lilifunikwa kabisa, na mfuniko wake uliinuka kwa mota karatasi ilipoisha. Waliouzoea hawakuweka kikombe juu yake.

25. Zipo bado zinazotengenezwa?

Printa ya leza ya IBM 3800, iliyoanza kazi mwaka 1976, ilimaliza mashindano ya kasi: hakuna nyundo itakayoifikia. Silinda, cheni na treni hazitengenezwi tena. Printa za nukta za mstari zimebaki, zikifika mistari 2000 kwa dakika, kwa ajili ya fomu zenye nakala na maghala yenye vumbi na joto ambamo leza huugua.

26. Naweza kuona cheni ikifanya kazi wapi?

Jumba la makumbusho la Computer History Museum, Mountain View, California, lina kompyuta za 1401 zilizofufuliwa pamoja na 1403 zake, na huziwasha mbele ya wageni. Ukifika, omba waonyeshe mstari uliojaa herufi moja, kisha utafute kwa jicho nyundo iliyochelewa.